Vairasi Inabisha Hodi, Wewe Ndo Unasema Karibu: Mwongozo Kamili wa Daunilodi za Bure na Linki za Imeili

Mwaka 2020, lokidauni ilipotukuta, nilibeba kompyuta ya duka nikaipeleka nyumbani. Nina stenshonari ndogo hapa Arua, Uganda, tunachapa, tunatoa fotokopi, tunadizaini kadi za harusi na ratiba za mazishi, nikasema sasa muda ninao ngoja nijifunze kudizaini vizuri. Programu niliyoitaka ni ya kulipia kwa dola, dola sina, nikatafuta kraki, yaani programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure. Nikaipata, na maelezo yake yalikuwa safi kuliko hata ya watengenezaji wenyewe: kwanza zima antivairasi, halafu fungua zip kwa pasiwadi 1234, halafu bonyeza kulia uiwashe kama admini. Nikafuata kila hatua kama mtoto wa madrasa. Baada ya kama dakika ishirini kadi za watu, mitihani ya shule, picha za pasipoti, kila faili imeota mkia wa herufi nne nisizozijua na haifunguki, na kila folda imewekewa faili moja inaitwa _readme.txt inayosema nilipe dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 nalipa nusu, dola 490. Hiyo nusu kwa shilingi zetu ilikuwa karibu milioni moja na laki nane. Na duka limefungwa, sina hata mteja wa fotokopi.

Baadaye nikajua jina lake, ni familia ya vairasi inayoitwa STOP, wengine wanaiita Djvu, na usafiri wake mkubwa ni hizo hizo kraki.

Kilichoniuma kuliko hata hela ni kwamba nikirudia hatua moja moja sioni mahali mwizi alivunja mlango. Aliyezima antivairasi ni mimi. Aliyeandika 1234 ni mimi. Kompyuta iliniuliza una uhakika, nikajibu ndio. Vitabuni wanaziita programu hasidi, hapa dukani kila mtu anasema vairasi na mimi nitasema hivyo hivyo, na karibu zote ninazozikuta kwenye laptopu za wateja ziliingia kwa mtindo huo huo, zilibisha hodi na mwenye nyumba akasema karibu. Kwa hiyo hapa nitaongea sana kuhusu ule muda mfupi kati ya hodi na karibu, pale kidole kiko juu ya kitufe na bado hujabonyeza.

Hatua ya kwanza: lazimisha kompyuta ikuonyeshe mkia wa faili

Kila faili ina mkia, zile herufi baada ya nukta ya mwisho, na mkia ndo unaosema hii ni kitu gani. Shida ni kwamba Windows inaficha mikia tangu siku unainunua. Fungua folda yoyote, juu bonyeza "View", halafu "Show", halafu weka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 ukibonyeza "View" tiki yenyewe unaiona hapo hapo. Inachukua sekunde kumi na ni bure, na mimi kila laptopu inayoingia dukani kwangu naiwekea hiyo tiki hata kama mtu alikuja kuchapa tu.

Kwa nini naanza na hiki kitu kidogo? Sababu ndo ujanja wa zamani kuliko wote na mpaka leo unakula watu. Tarehe 4 Mei 2000 imeili moja ilitoka Ufilipino ikazunguka dunia nzima, kichwa chake ILOVEYOU, na ndani kiambatisho kinaitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Watu waliona TXT tu wakadhani barua, sababu ile .vbs ya mwisho Windows iliificha. Mamilioni ya kompyuta yaliumwa kwa barua ya mapenzi. Leo jina litakuwa risiti.pdf.exe, na kama hujaweka ile tiki utaona risiti.pdf, tena na kapicha ka pdf pembeni maana hata picha ya faili wanaweza kuibandika wanavyotaka.

Mikia ya kuogopa kwenye kompyuta: exe, msi, scr, bat, cmd, js, vbs, ps1, lnk, iso. Kwenye mambo ya ofisi docm na xlsm, hiyo m ya mwisho inamaanisha ndani kuna makro, yaani vijiprogramu vinavyoweza kujiendesha. Kwenye simu ni apk, yaani faili la kuinstolia app. Exe sio haramu lakini, hata programu nzuri zinakuja kama exe, swali ni uliomba exe au uliomba kitu kingine? Vijana wanapenda filamu zilizotafsiriwa na maVJ, wanadaunilodi kwenye tovuti zenye matangazo mpaka kwenye pembe. Filamu ni mp4 au mkv na inakula MB mia kadhaa. Ukipata "filamu" ya MB tatu yenye mkia wa exe, hiyo filamu mhusika mkuu ni wewe.

Hatua ya pili: nenda kwa mwenye mali

Programu ya bure sio lazima iwe na sumu, nyingi ni safi na zimetengenezwa na watu waungwana, sumu inaingia njiani kwa mawakala. Ukitaka VLC ya kuchezea video nenda videolan.org, ukitaka LibreOffice ya kuandikia barua nenda libreoffice.org, ya kufungulia zip iko 7-zip.org. Andika anwani wewe mwenyewe kule juu kwenye brauza. Usiandike tu "VLC free download" halafu ubonyeze cha kwanza kinachotokea, kwa sababu vile vya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa, yana kaneno "Sponsored", na wezi nao wananunua matangazo wanaweka tovuti inayofanana na ya kweli kama pacha.

Halafu kuna zile kurasa zenye vitufe vitano vya kijani vyote vimeandikwa "Download". Vinne ni matangazo. Hii sio hadithi ya vichochoroni tu, mwaka 2013 watengenezaji wa GIMP, ile programu ya picha, waliondoa kazi yao SourceForge ambayo ilikuwa tovuti kubwa na ya kuheshimika, wakilalamikia hivyo vitufe vya kudanganya na instola inayobeba vitu vya pembeni. SourceForge ikabadilisha wenye nyumba 2016 na ule mtindo wa instola ukaachwa, lakini mtindo wenyewe uko kwingine kote. Ukiwa unainstoli usibonyeze "Next" "Next" "Next" kama mtu anayekimbizwa na mvua. Chagua "Custom" au "Advanced", soma, toa tiki kwenye kila kitu ambacho hukukiomba, sijui brauza mpya, sijui kisafishaji cha kompyuta.

Wanaopenda njia fupi kuna ninite.com, unachagua programu za kawaida unazotaka kwa pamoja, inakuletea zote bila takataka za pembeni. Ukifungua duka la kompyuta inakuokolea siku nzima.

Nisikudanganye lakini, hata kwa mwenye mali sumu imewahi kuingia. Mwaka 2017 CCleaner, programu ya kusafisha kompyuta, toleo 5.33 lilitoka kwenye tovuti yake halali likiwa limeshapandikizwa kitu ndani, na watu zaidi ya milioni mbili walilichukua kabla haijajulikana. Ni mara chache, ila ndo maana hatua zingine zinafuata.

Kuhusu kraki, tuongee kama watu wazima

Najua utaniambia bro, hapa nani ananunua programu. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo. Lakini angalia kraki inaomba nini ili ifanye kazi. Inaomba uzime mlinzi, halafu inaomba uipe ufunguo wa nyumba yote, yaani admini. Mtu akija kwako usiku akakuomba ufunge mbwa kwanza ndo aingie, utamfungulia? Na ile pasiwadi ya zip, 1234 au 2024 iliyoandikwa pembeni, sio ya kukulinda wewe. Zip iliyofungwa kwa pasiwadi antivairasi haiwezi kuchungulia ndani, kwa hiyo faili inapita kwenye imeili na kwenye brauza bila kukaguliwa, na wewe ndo unaifungulia ikiwa imeshafika ndani.

Siku hizi vingi vinavyokuja na kraki havipigi hata kelele kama vyangu vya 2020. Vinaingia, vinakusanya pasiwadi zote ulizohifadhi kwenye brauza, vinachukua na vile vijifaili vinavyokuweka umelogin, vinatuma, vinanyamaza. Wiki mbili baadaye akaunti yako inauza sarafu za mtandaoni kwa shemeji zako, wewe unashangaa, "mbona pasiwadi sijampa mtu?"

Badala yake: kwa barua na hesabu tumia LibreOffice, inafungua docx na xlsx, au tumia Word na Excel za kwenye brauza ambazo Microsoft anatoa bure ukiwa na akaunti yake. Kwa picha GIMP, kwa kadi na mabango Inkscape, au Canva ya bure kama una intaneti ya kutosha. Kadi zangu zote sasa ni Inkscape. Wiki ya kwanza niliitukana, sasa siiachi.

Na ukinunua laptopu yuzdi, iwe imetoka Kampala au imevuka kutoka Ariwara kule Kongo, muuzaji akisifia kwamba "Windows iko aktiveti na programu zote nimeweka", hizo programu zote ndo hofu yangu. Irudishe kwenye hali ya mwanzo kabla hujaandika pasiwadi yako hata moja.

Kabla ya kufungua, pima

Umeshadaunilodi, iko kwenye folda, bado hujaigusa mara mbili. Bonyeza kulia juu yake, "Properties", tafuta sehemu imeandikwa "Digital Signatures". Programu ya kampuni inayojulikana huwa imesainiwa na jina la kampuni linaonekana pale. Faili inayodai ni ya kampuni kubwa na haina saini yoyote, mimi naifuta. Programu za watu wadogo wa kujitolea nyingine hazina saini, hizo zipime kwa njia ya pili.

Njia ya pili ni virustotal.com, ya Google tangu 2012, unaweka faili mpaka ya MB 650 na antivairasi kama sabini tofauti zinaikagua kwa pamoja. Kwa sisi wa bando ndogo kitamu zaidi ni kwamba unaweza kubandika linki peke yake ikakaguliwa kabla hujachoma MB zako. Kusoma majibu: moja au mbili kati ya sabini, tena zenye majina usiyoyajua, inaweza kuwa makosa yao. Ishirini, futa usijadiliane. Sifuri inatia moyo, lakini faili iliyotengenezwa leo asubuhi hakuna anayeijua bado, kama huna haraka ngoja siku mbili uipime tena. Ila usiweke pale nakala ya kitambulisho au mkataba wa kiwanja, kwa sababu faili unazoweka zinagawiwa kwa watu wa usalama wa mitandao na haziwi siri yako tena.

Imeili, na hasa zile za kazi

Hapa West Nile, mkoa wetu, mashirika ni mengi kwa sababu ya kambi za wakimbizi, Rhino Camp, Imvepi, Bidi Bidi, na kila kijana aliyemaliza chuo anasubiri imeili ya kuitwa kwenye intavyuu. Wezi wanajua. Mwaka jana mwalimu mmoja alikuja dukani na laptopu chini ya kwapa.

"Mwalimu, ulifungua nini?"

"Mimi sikufungua kitu mdogo wangu, nilibofya tu."

Alipata imeili inasema ameteuliwa, orodha ya majina imeambatishwa. Kiambatisho kilikuwa html, yaani ukurasa wa tovuti uliofungashwa kama faili. Alipofungua ukatokea ukurasa unaofanana kabisa na wa kuingilia imeili, ukamwomba pasiwadi "ili kuthibitisha", akaandika. Orodha haikuwepo. Kesho yake imeili yake ilikuwa inawatumia walimu wenzake barua hiyo hiyo, na wao wakaiamini kwa sababu imetoka kwa mwalimu.

Kwa hiyo kumjua mtumaji hakutoshi, mtumaji mwenyewe anaweza kuwa ameshaibiwa. Fanya hivi. Kwanza gusa jina la mtumaji uone anwani kamili, maana jina mtu anaandika lolote, hata mimi naweza kuandika Benki Kuu. Pili, jiulize nilikuwa nasubiri hii? Kama hukuomba kazi hiyo hawawezi kukuteua, hakuna shirika linaokota watu. Tatu, kama imetoka kwa unayemjua na ina linki au kiambatisho usichokitegemea, mpigie simu. Sio kumjibu kwenye imeili hiyo hiyo, mwizi atajibu "ndio ni mimi". Piga simu.

Nne, soma linki kabla ya kuibonyeza. Kwenye kompyuta weka kishale juu yake bila kubonyeza, anwani ya kweli inatokea chini pembeni. Kwenye simu shikilia kidole mpaka ijitokeze, halafu toa bila kufungua. Sasa kuisoma, hapa ndo wengi wanapotea. Tafuta mkwaju wa kwanza baada ya https://, yaani hiki kijistari /, halafu soma kurudi nyuma, kutoka kulia kwenda kushoto. Ni kama majina yetu, la ukoo liko mwisho. Kitu kama ura.go.ug/kodi ukoo wake ni go.ug, ni serikali ya Uganda. Lakini ura.go.ug.mfano.com/kodi ukoo wake ni mfano.com, hayo maneno ura.go.ug mbele ni mapambo tu, mwenye mfano.com anaweza kuandika mbele yake chochote anachopenda hata jina la mama yako. Za serikali zinaishia go.ug, vyuo ac.ug, biashara nyingi co.ug. Na angalia herufi moja moja, o ikigeuzwa sifuri au l ikigeuzwa moja macho hayaoni haraka.

Viambatisho vya Word na Excel vinavyokuambia bonyeza "Enable Content" ndo uone maandishi, acha. Hakuna barua halali inayohitaji makro ili isomeke. Microsoft yenyewe ilianza kuzuia makro za faili za kutoka intaneti mwaka 2022, na wezi wakahamia kwenye html, iso, lnk na zip za pasiwadi. Wao wanahama kama siafu, ukiziba hapa wanatokea pale. Kama unatumia Gmail, faili ya Word au pdf iangalie kwanza hapo hapo ndani ya Gmail bila kuidaunilodi, inafunguka upande wa Google na sio kwenye mashine yako. Ila linki zilizo ndani ya pdf bado ni linki, zisome vile vile.

Ule mtego mpya wa Windows na R

Huu naomba uusome mara mbili, kwa sababu haufanani na vairasi hata kidogo. Umesambaa sana tangu 2024. Unafungua tovuti, labda ya filamu au ya kubadilisha pdf kuwa Word, inakuambia thibitisha wewe sio roboti. Kawaida hiyo. Lakini badala ya kuchagua picha za pikipiki inakuambia: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter.

Kilichotokea ni kwamba ulipobonyeza "mimi sio roboti" tovuti ilinakili amri fulani kimya kimya kwenye kompyuta yako. Windows na R inafungua kisanduku cha kuendeshea amri, Ctrl V inaibandika, Enter inaitekeleza. Umeita mwizi, umempokea mzigo, umemwonyesha chumba. Antivairasi inaweza isiseme lolote kwa sababu anayeendesha amri ni wewe mwenyewe mwenye mashine. Mara nyingine haijifanyi roboti, inajifanya inarekebisha kosa, "maikrofoni yako haifanyi kazi, fuata hatua hizi". Hakuna tovuti yoyote halali, hata moja, inayohitaji ubandike kitu kwenye kile kisanduku. Funga ukurasa. Waambie na watoto nyumbani, wao ndo wako haraka.

Ndugu yake mdogo ni kale kadirisha kanakosema bonyeza "Allow" kuendelea. Ukibonyeza unaanza kupokea arifa kila dakika kwamba kompyuta ina vairasi 13. Haina, ni tangazo. Kwenye Chrome nenda mipangilio, tafuta "Notifications", futa tovuti zote usizozijua. Nimelipwa chai mara nyingi kwa kazi hii ya dakika moja.

Simu

Uganda tulijifunza kudaunilodi hovyo kwa sababu ya VPN, app inayoficha unakoenda mtandaoni. Julai 2018 ilipokuja ile kodi ya OTT, ya kutumia WhatsApp, Facebook na wenzao, shilingi 200 kwa siku, kila mtu akaweka VPN ya bure popote alipoipata, tena zingine watu walirushiana kwa Bluetooth. Kodi ikaondoka 2021 lakini Facebook ilifungwa Januari mwaka huo huo na mazoea yakabaki. VPN inaona njia zote unazopita kwenye intaneti, kwa hiyo ya bure isiyojulikana mwenyewe ni nani ni kama kumpa mgeni barua zako zote azipeleke posta. Ukihitaji VPN chukua kutoka Play Store, ya kampuni inayojulikana yenye pia toleo la kulipia, hiyo angalau unajua inakula wapi.

WhatsApp za rangi rangi zilizobadilishwa na watu wengine, GBWhatsApp na wenzake, haziko Play Store na kuna sababu. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya antivairasi, walikuta vairasi ya Triada ndani ya toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya hizo. Kazi yake ni kuleta vairasi zingine na kukuandikisha huduma za kukata hela bila wewe kujua.

Apk ikitumwa kwako kwenye WhatsApp, hata iitwe kadi ya mwaliko au matokeo ya PLE, mtihani wa darasa la saba, usiifungue, kadi ya harusi ni picha au pdf. Halafu nenda kwenye setingi, tafuta "Install unknown apps", zima kwa kila kitu kilichomo, hasa brauza na WhatsApp. Ukiweka app mpya angalia inaomba nini. Tochi inayotaka kusoma SMS inataka namba za siri zinazokuja kwa SMS. Na inayoomba "Accessibility" bila wewe kuwa na shida ya macho au mikono, hiyo inaweza kusoma skrini yako na kubonyeza kwa niaba yako, pamoja na ndani ya app ya benki. Play Store, gusa picha yako juu, "Play Protect", skani. Fanya leo.

Fleshi

Kwa ufupi: fleshi inayotembea stenshonari hadi stenshonari ni kama mswaki wa kuazimana. Ukiona folda zako zimegeuka shotikati, usizibonyeze, iskani kwanza, faili zako mara nyingi zipo ila zimefichwa. Au tuma kazi yako ya kuchapa kwa imeili, mimi mwenye duka nafurahi zaidi.

Mambo ya nyuma ya pazia

Antivairasi ya Windows yenyewe, Defender, inatosha kwa watu wengi, usiongeze mbili juu yake zikapigana. Lakini apdeti ndo tatizo letu. Hapa kila mtu ameweka intaneti yake kuwa "Metered" ili Windows isile bando, na mimi siwalaumu, data ina bei, ila maana yake apdeti za usalama nazo nyingi haziingii. Mei 2017 vairasi ya WannaCry ilipofunga kompyuta kwenye nchi zaidi ya 150, dawa yake Microsoft alikuwa ameshaitoa tangu Machi. Zima hiyo "Metered" mara moja kwa wiki, nunua bando la usiku, acha ijiapdeti mpaka asubuhi. Na kama bado uko Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo panga kuhama.

Tengeneza akaunti mbili kwenye kompyuta, moja ya admini yenye pasiwadi, nyingine ya kawaida ya kazi za kila siku. Kitu kikitaka kujiinstoli kitakuomba pasiwadi ya admini, na huo ndo ule muda wa hodi niliousema mwanzo, unakupa nafasi ya kushtuka.

Bakapu: diski ya nje, unachomeka Ijumaa, unanakili, unachomoa. Kuchomoa ndo bakapu yenyewe. Mwaka 2020 mimi nilikuwa na diski ya nje, sio kwamba sikuwa nayo, ilikuwa imechomekwa, na yenyewe ikafungwa pamoja na zingine.

Kama umeshasema karibu

Usianze kulia, anza kukata intaneti. Zima WiFi, zima MiFi, chomoa waya. Toa fleshi na diski zote.

Usiandike pasiwadi yoyote kwenye mashine hiyo. Chukua simu au kompyuta nyingine safi, badilisha pasiwadi ya imeili kwanza, maana mwenye imeili yako anaweza kurudisha pasiwadi za kila kitu kingine. Halafu toa vifaa vyote vilivyologin, kwenye akaunti ya Google angalia "Your devices", kwenye WhatsApp angalia "Linked devices". Bila hiyo kubadilisha pasiwadi peke yake kunaweza kusikusaidie, kama walichukua vile vijifaili vya login bado wamo ndani. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Kama ni simu na una pesa humo, piga 100 kwa MTN au Airtel uwaambie, ubadilishe na PIN.

Simu ikikataa kufuta app, iwashe kwa "Safe mode", kwenye nyingi unashikilia kitufe cha kuzima halafu unakandamiza "Power off" mpaka ikuulize. Humo app za nje hazifanyi kazi, ifute.

Kompyuta: fungua "Windows Security", "Virus & threat protection", "Scan options", chagua "Microsoft Defender Offline scan". Itazima na kujiwasha, inachukua kama dakika 15. Ikipata kitu cha kuiba pasiwadi mimi sibembelezi, natoa faili za mtu, nafuta yote, naweka Windows upya kwa fleshi ya GB 8 iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine safi. Kama kuna hela zilizoibiwa piga picha za skrini zote kabla ya kufuta, uende nazo polisi, sheria ya Computer Misuse ipo tangu 2011.

Na kama faili zimefungwa kama zangu, usilipe haraka na usifute zile faili zilizofungwa. Nenda nomoreransom.org, ni ya polisi wa Uholanzi, Europol (polisi wa Umoja wa Ulaya) na makampuni ya usalama wa mitandao, ipo tangu 2016. Kuna sehemu inaitwa Crypto Sheriff, unaweka faili mbili zilizofungwa na ile barua ya madai, inakuambia kama ufunguo umepatikana, bure. Kama haujapatikana nakili hizo faili kwenye diski uiweke pembeni, maana funguo zingine zinapatikana miaka baadaye.

Diski yangu iko kwenye droo chini ya mashine ya laminesheni, imeandikwa "2020 usiguse". Mara moja moja nikikosa wateja naichomeka na kujaribu tena. Mpaka sasa bado. Juzi dada mmoja alikuja kuuliza kama bado ninayo kadi yake ya harusi, anataka kuchapa nyingine kwa ajili ya miaka yao. Nikamwambia ninayo, ila kuifungua ndo kazi, na tukaanza kuidizaini upya kutoka kwenye picha aliyokuwa nayo kwenye simu.